Mtende wa Ukumbi wa Kungojea

Mwaka ulikuwa 2016, kiangazi kikiwa kimekolea, nami nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, nilipokabidhiwa barua ya kwanza maishani mwangu iliyonishtaki kwa uzembe. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 14 Machi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Ninataja dakika kwa sababu juu ya meza ya Bwana Rono, afisa wa utawala wa kiwanda chetu cha chai hapa Kericho, palikuwa na saa, nami niliitazama saa ile ili nisimtazame yeye.

"Soma, mama, halafu u-sign hapa chini," alisema.

"Nitaisoma nyumbani."

"Si ni page moja tu?"

"Bwana Rono, mimi nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne. Jambo lenye jina langu silisomi nikiwa nimesimama."

Alinitazama, akairudisha kalamu mfukoni.

Niliisoma jikoni kwangu, mara tatu. Ilisema kwamba mtende uliokabidhiwa kwangu katika ukumbi wa kungojea ulikuwa unakufa kwa kukosa maji. Kwamba nilitakiwa kujieleza mbele ya kamati ya nidhamu siku ya Alhamisi, tarehe 7 Aprili. Na kwamba, maelezo yangu yasiporidhisha, ningeachishwa kazi, na mimea yote ya jengo lile ingeondolewa ili mahali pake pawekwe mimea ya plastiki.

Ninawaandikia ninyi mlioachiwa ndoo, mikasi na vitambaa vyangu nilipostaafu tarehe 30 Desemba 2022. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini ukumbini pana chupa mbili za chai na ya tatu ya maji moto, na kwa nini mtende ule una mashina mawili huku kwenye chungu kukionekana kisiki cha shina la tatu. Nitawajibu, lakini kwa utaratibu wangu.

Kwanza mfahamu mtende wenyewe. Msiudharau kwa kuwa hauzai. Mkulima mmoja wa Silibwet aliwahi kuniuliza tende zitaiva mwezi gani ili aje na mfuko, na nikamwambia aendelee kungoja malipo ya majani yake ya chai, yatatangulia. Mtende huu ni wa ndani ya nyumba. Kazi yake ni kuwa hai mbele ya watu. Uliletwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa, ukiwa na urefu wa goti, na wakulima waliupigia makofi kama mgeni rasmi. Nilipoupokea mimi, tarehe 2 Agosti 2004, ulikuwa umenipita kimo. Wazee walipofika kwa mikutano waliutazama kabla ya kusalimia mtu. Ukiwa na afya walisema kiwanda kiko sawa. Sikubaliani na fikra hiyo, lakini nilifanya kazi chini yake kwa miaka kumi na minane.

Aliyenifundisha ni Mzee Owuor, mtu wa upande wa ziwa, aliyekuja kuchuma chai akiwa kijana na kuishia kuwa msimamizi wa bustani. Alikuwa mchache wa maneno na mwingi wa kejeli. Siku ya kwanza alinikuta nikimwaga maji kwenye chungu cha mtende kwa jagi kubwa.

"Mama Cherotich, huyo ni ng'ombe?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mbona unamnywesha kama ng'ombe? Ingiza kidole. Hapana, si ukucha, kidole. Mpaka hiki kiungo cha pili. Umesikia nini?"

"Baridi."

"Baridi ni maji. Enda ukapumzike."

Hayo ndiyo masomo yangu yote ya umwagiliaji. Kidole hadi kiungo cha pili: kikitoka na ubaridi, ondoka, kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatokee chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye sahani, kwa maana mizizi ya mtende haipendi kukaa majini. Maji yenyewe yalale kwenye ndoo tangu jana yake, yapoteze ukali wa dawa ya bomba na ubaridi wa milima yetu. Kila Jumatatu ukizungushe chungu robo moja, la sivyo majani yote yataelekea dirishani kama wanafunzi waliosikia kengele. Na kwa kuwa sisi tunaishi na kiwanda, vumbi la chai hutua juu ya kila jani. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu, ukilishikilia jani kwa kiganja upande wa chini.

Kwa kitambaa chenye unyevu, nasema, na si kwa kingine. Mwezi wa Novemba 2004 nilisikia kwamba maziwa hung'arisha majani. Tulikuwa tukingoja wageni, nami nikayapaka majani yote maziwa mabichi, yakang'aa kama viatu vya mchungaji. Siku ya tatu ukumbi ulinuka kama kibuyu kilichosahauliwa, na nzi wakahamia. Mzee Owuor aliingia, akanusa, akasema, "Sasa imebaki kuukamua tu." Nilifuta jani kwa jani kwa siku mbili.

Mwaka 2006 nilifanya kosa kubwa zaidi. Katika ofisi ya uhasibu kulikuwa na mtende mdogo wa shina moja. Nikaona katikati yake kitu kimesimama kama mkuki, kimejikunja, kisicho na umbo la jani, nikakikata ili mmea upendeze. Kumbe lilikuwa jani changa. Shina la mtende lina kichwa kimoja tu cha kukulia. Ukikikata, hakioti kingine. Ule mmea uliishi miezi mingine mitano bila kuongeza chochote, ukafa. Tangu siku hiyo nilianza kuandika. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili, na kila mmea nikaupa kurasa zake: tarehe, hali ya udongo, maji, jani lililokatwa na sababu yake. Mzee Owuor, ambaye hakuandika hata jina la mtu aliyemkopesha jembe, alinicheka. Mimi niliyeanza shule mwaka 1996 katika darasa la ngumbaru kule Kabianga, nikafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2003 nikiwa mtahiniwa pekee mwenye mkwe, nilikuwa na haki ya kuandika nilivyotaka.

Sasa turudi kwenye mwaka 2016.

Majani ya chini yalianza kugeuka manjano katikati ya Januari. Nami, mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja, nilikosea kama mwanagenzi. Jua lilikuwa kali, nikadhani ni kiu. Udongo ulikuwa na ubaridi, kidole kiliniambia, nami nikakikanusha kidole changu. Niliongeza maji Jumanne tarehe 19 na Ijumaa tarehe 22. Yote mawili yamo kwenye daftari. Manjano ikapanda. Ncha zikawa za kahawia, kisha zikalegea, na shina moja kati ya yale matatu likawa laini karibu na udongo. Mwezi wa Februari sikumwagilia zaidi ya mara mbili, na bado kidole kilitoka na ubaridi. Ulikuwa ubaridi wa namna nyingine, wenye utelezi. Hapo nilipaswa kuchimba. Sikuchimba, kwa kuwa Mzee Owuor alinifundisha kwamba mtende hauchokozwi mizizi bila sababu kubwa, na mimi nilikataa kukubali kwamba sababu ilikuwa kubwa.

Barua ndiyo iliyonilazimisha. Alasiri ya tarehe 14 Machi, ukumbi ukiwa mtupu, nilipiga magoti nikachimbua upande mmoja kwa kijiko cha chakula. Harufu ilikuwa chachu. Vidudu vidogo vyeusi vilipaa kama vumbi. Juu ya udongo kulikuwa na utando mweupe, na kutoka ukutani hadi kwenye ukingo wa chungu sisimizi walikuwa wamejipanga mstari.

Nilikaa chini pale sakafuni nikafikiri. Nilikumbuka kwanza chumba cha kuonjea chai, mlango wa pili kutoka ukumbini, ambako waonjaji hufyonza na kutema siku nzima. Lakini waonjaji hutema kwenye ndoo yao, na chai yao haina sukari. Sisimizi hawaji kwa chai kama hiyo. Hiki kilikuwa kitu kitamu. Mtu alikuwa akiumwagia mtende wangu chai ya ukumbini, na si mara moja.

Ninyi mliozaliwa hapa hamhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya atakayetoka mbali. Katika nchi yetu ya chai, mgeni hakatai kikombe. Na mkulima aliyeketi katika ukumbi wa kiwanda chake mwenyewe, kilichojengwa kwa majani ya shamba lake, akikataa kikombe, atakuwa amesema jambo ambalo kila mtu atalirudia hadi Londiani. Mama Faith, aliyekuwa mwandalizi wa chai, aliichemsha na maziwa na sukari palepale kwenye sufuria. Hakuuliza mtu anatakaje. Alijaza hadi ukingo, na ukimaliza alijaza tena.

Bwana Rono nilimwendea kesho yake nikaomba siku chache nichunguze.

"Uchunguze nini, mama? Mti umekauka."

"Haujakauka. Umelowa."

"Umelowa, umekauka, mimi naona umekufa. AGM ni tarehe 29 April. Wakulima mia ngapi wataingia hapo waone hiyo kitu? Ile ya plastic haitaki maji, haitaki kesi."

"Na ikipata vumbi?"

"Tunapanguza."

"Nani atapanguza?"

Alirudi kwenye karatasi zake. Sikumchukia. Alikuwa kijana mwenye mkutano mkuu wa mwaka mbele yake. Lakini nilipotoka pale nilihesabu nilichobaki nacho. Nilikuwa mjane kwa karibu miaka saba. Mume wangu Joel alifariki tarehe 11 Juni 2009. Nilibaki na robo ekari ya chai na jina langu, na kazi ile ndiyo iliyoniwezesha kuliandika jina hilo kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara. Kuondoka kwa umri ni jambo la kawaida. Kuondoka kwa barua inayosema "uzembe", mimi niliyejifunza kusoma ukubwani ili hatimaye niisome barua hiyo, ni jambo ambalo nilikuwa tayari kulipigania.

Wakurugenzi na wawakilishi wa wakulima walikutana kila Alhamisi. Tarehe 17 Machi nilivaa koti la kanisani, nikafunga kitambaa kichwani, nikaketi kwenye benchi la mwisho na gazeti kama mwenye shida yake. Mama Faith alinipita akanijazia kikombe bila kunitambua, jambo lililoniumiza kidogo. Watu wawili walimwagia chungu masalio kidogo ya chini ya kikombe, yale yenye majani. Nilihesabu hayo kuwa dhambi ndogo. Mtende wa ukubwa ule haufi kwa vijiko viwili.

Kisha akaja Mzee Arap Kirui, mkurugenzi anayetoka upande wa Bomet, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya manyoya. Aliketi penye kiti kilichokuwa kando ya mtende, mahali pake pa siku zote. Mama Faith akamjazia. Akamshukuru kwa heshima, "Kongoi, mama," akakipeleka kikombe mdomoni, akakishusha. Mtu wa mwisho aliyeketi kumwelekea alipoinuka, mkono wa mzee ulishuka taratibu nyuma ya majani na kikombe kikarudi kitupu. Mama Faith akafurahi, akajaza tena. Nacho kikafuata kile cha kwanza.

Vikombe vitatu katika saa moja. Na Mzee Arap Kirui ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu.

Nilirudi Alhamisi iliyofuata, tarehe 24, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, nikijiambia kwamba huenda niliona vibaya. Sikuwa nimeona vibaya. Lakini siku hiyo niliona na mengine. Niliona chupa ndogo ya maji katika mfuko wa ndani wa koti lake, aliyoifyonza mara nne. Niliona akienda msalani mara tatu. Niliona akitoa kipande cha nduma ya kuchemsha kilichofungwa kwa karatasi, akakila akiwa ameelekea ukutani, kisha akameza kidonge bila kuinua shingo, kama mtu anayemeza mate.

Gazeti lilinianguka. Niliyajua yale yote. Joel aliyafanya kwa miaka minne. Alimwaga chai kwenye ua la kila nyumba tuliyokaribishwa, na mimi nilimwaibisha kwa hilo mbele ya dada zake, nikidhani ni madharau. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakutaka mtu ajue, hata mimi, kwa kuwa mwanamume wa kwetu asiyekunywa chai ataulizwa, na akiulizwa ataonewa huruma. Nilijua siku kidonda cha mguu kilipokataa kupona, na wakati huo kujua hakukusaidia kitu.

Jumamosi ya Pasaka nilimtembelea Mzee Owuor, aliyekuwa amestaafu na kupanga chumba karibu na soko la Silibwet. Nilimweleza kila kitu, naye akaendelea kumenya viazi.

"Kwa hivyo una shahidi?" aliuliza.

"Nina macho yangu."

"Macho ya mshtakiwa. Na ukisema?"

"Nitabaki na kazi. Na kufikia jioni Kericho yote itajua mzee yule ni mgonjwa."

"Na usiposema?"

"Nitaondoka."

Alitupa viazi kwenye sufuria. "Mama Cherotich, wewe umekamata mtu ama umekamata ugonjwa?"

"Sijui, Mzee."

"Mimi nilikufundisha mimea. Watu sikukufundisha, hao walinishinda. Lakini mtende nitakuambia. Usiutoe wote kwenye chungu, utauua. Uinamishe. Toa udongo wa juu vidole vinne. Halafu pitisha maji, pitisha, mpaka yatoke kama yalivyoingia. Shina lililooza, kata. Weka mkaa. Na usiupe mbolea, mgonjwa hapewi nyama choma."

Jumanne tarehe 29 Machi nilimwomba Bwana Rono ruhusa ya kuuhamishia mtende kwenye baraza ya nyuma, akaniruhusu hadi siku ya kesi, kwa kuwa, alisema, huko angalau hauonekani. Mtakapoupata mmea uliolishwa vitu vya jikoni, fanyeni nilivyofanya. Nilikiegemeza chungu juu ya matofali mawili ili kitoe maji. Nilikwangua udongo wa juu uliooza nikautupa mbali na nyumba. Nikamimina maji yaliyolala, ndoo moja baada ya nyingine, polepole, kivulini. Yaliyotoka mwanzoni yalikuwa ya rangi ya chai, yenye utando wa maziwa. Niliyakinga kidogo katika chupa ya jamu nikaifunga. Ndoo ya sita ilitoka safi. Shina la tatu nilipoligusa lilijitenga mkononi mwangu kama ndizi iliyoiva mno. Nikalikata hadi kisiki. Nikavunja mkaa, ule tunaotumia kusugulia vibuyu vya maziwa, nikauchanganya na mchanga na udongo wa msituni, nikafunika. Kisha nikaacha. Kuacha ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii.

Alhamisi tarehe 31 Machi nilimngojea Mzee Arap Kirui barazani.

"Chamgei, Mzee," nilimsalimia.

"Chamgei mising." Alinitambua, akarudi hatua moja. "Wewe una kesi mbele yangu. Hatuwezi kuongea."

"Si ya kesi, Mzee. Ni ya afya."

Niliona mkono wake ukienda kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukasimama njiani.

"Afya yangu iko sawa," alisema, akaingia ndani.

Siku hiyo, penye kiti chake, hapakuwa na mtende. Mama Faith aliniambia baadaye kwamba alikuta chini ya benchi vikombe viwili vilivyojaa, vimepoa, vimefanya ngozi juu. "Nani ananifanyia hivi, Mama Cherotich? Chai yangu ina makosa gani?" Alikuwa karibu kulia.

Kwa hiyo mzee alijua kwamba ninajua. Kwa siku saba zilizofuata sikulala vizuri, na naamini naye hakulala.

Tarehe 7 Aprili niliingia chumba cha mikutano saa tatu kamili nikiwa na daftari na chupa ya jamu ndani ya kikapu. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti, Bwana Rono kama katibu, na mwakilishi wa wafanyakazi, mwanamke mtulivu wa idara ya ufungashaji. Mtende ulikuwa umeletwa kama ushahidi, ukawekwa kwenye pembe, nyuma ya kiti cha mwenyekiti. Mashina mawili, majani saba. Mwenyekiti aliketi bila kugeuka kuutazama.

Bwana Rono alianza. "Hii daftari yako inasema January 19 na 22 ulimwaga maji kabla ya siku yake. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi umekubali."

"Nimekubali siku mbili. Sikukubali miezi mitatu. Tena barua yako inasema nimeunyima maji. Sasa wasema nimeuzidishia. Chagua moja, Bwana Rono, nikujibu."

Mwakilishi wa wafanyakazi aliinamisha uso. Nikatoa chupa, nikaifungua, nikamsogezea yeye kwanza. Alinusa.

"Hii ni chai," alisema.

"Ni maji yaliyotoka kwenye mizizi tarehe 29 Machi. Yana maziwa na sukari. Katika daftari hili kuna kila tone nililomimina mimi. Chai haimo."

Bwana Rono alinusa naye, akairudisha kwa haraka. "Sawa. Nani aliweka?"

"Watu wengi, kidogo kidogo."

"Mti haufi na kidogo kidogo. Umesema umechunguza. Umeona mtu?"

"Nimeona."

"Taja."

Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili mezani, kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke.

"Sitataja."

"Mama, usipotaja tutaandika hakuna mtu. Na kama hakuna mtu, ni wewe. Unaelewa hiyo?"

"Nimeielewa. Andika."

"Kwa nini unamficha mtu anayekufukuzisha kazi?"

"Kwa sababu alilofanya si kosa la kazi. Na mimi nilishakosea mara moja kumwaibisha mtu kwa jambo hilo hilo, mwaka 2008. Sirudii."

Kalamu ya Bwana Rono iligusa karatasi. Wakati huo ikawa saa nne, na katika kiwanda chetu hakuna kikao kinachozuia chai ya saa nne. Mama Faith aliingia na sinia. Alijaza cha Bwana Rono, akajaza cha mwakilishi, akanijazia na mimi mshtakiwa, kisha akaenda kwa mwenyekiti, akamjazia hadi ukingo, akasimama. Baada ya yale ya chini ya benchi, alikuwa ameamua kusimama hadi kila mtu anywe.

Mzee Arap Kirui alikishika kikombe. Mtende ulikuwa nyuma yake, umbali wa mkono. Aligeuza kichwa akauangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile: kisiki cheusi, majani saba. Kisha akakirudisha kikombe kwenye sinia, bila kukimwaga hata tone.

"Mama Faith," alisema, "chai yako ni nzuri. Mimi siwezi kuinywa. Nina sukari. Ni mwaka wa nne sasa, na tangu Desemba daktari amenikataza vitamu kabisa. Niletee maji ya moto."

Mama Faith alishika kifua. "Wui, Mzee. Si ungesema? Ningekuchemshia strungi, bila maziwa, bila sukari."

"Ningesema vipi, na umeshanijazia?"

Kisha akamwelekea katibu. "Rono, andika. Aliyeumwagia huu mtende chai ni mimi. Andika na jina. Na huyu mama alijua, na amekaa hapo mbele yangu akakataa kusema. Andika na hiyo."

Bwana Rono aliandika. Hakuinua kichwa. Nami nilikunywa chai yangu yote, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Hata hivyo kamati si mahakama ya mwisho. Bodi ilipaswa kuthibitisha, na wiki tatu zile zilikuwa ndefu kuliko zilizotangulia. Mtende nao ulikuwa haujaamua. Kila asubuhi nilitazama mikuki miwili ya katikati. Jani la mtende likiwa hai, mkuki wake ukivutwa taratibu hukataa. Likiwa limekufa, hukufuata mkononi. Niliogopa kuuvuta. Sikuvuta hadi tarehe 20 Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshaanza. Wa kwanza ulikataa. Wa pili ukakataa.

Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016, saa mbili asubuhi, kabla ya wakulima kuingia kwa mkutano mkuu, Bwana Rono aliniita ofisini. Barua ya bodi ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilifuta shtaka la uzembe. Ya pili ilinishauri kuhusu maji ya ziada ya tarehe 19 na 22 Januari. Niliikubali, kwa kuwa ilikuwa haki. Ya tatu iliagiza kwamba katika ukumbi wa kungojea pawekwe chupa ya strungi isiyo na sukari na chupa ya maji moto, kando ya ile ya chai, na kwamba mgeni aulizwe kabla ya kujaziwa. Mimea ya plastiki haikutajwa.

"Soma nyumbani ukitaka," Bwana Rono alisema, na akanivutia kiti.

Nikaketi nikaisoma palepale. Nikaweka sahihi kwa majina yangu matatu, Rael Chepkemoi Bett, herufi kwa herufi, nikaandika na tarehe. Kisha nikaenda ukumbini, ambako mtende ulikuwa umerudishwa mahali pake na mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya ameketi kando yake na kikombe cha strungi, akikinywa mbele za watu. Tulisalimiana kwa kichwa. Niliingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili, nikakitoa, nikakifuta kwenye aproni, nikafungua daftari na kuandika: Ijumaa, 29 Aprili 2016. Udongo una ubaridi. Sikumwagilia.